Nyigu Hawahifadhiwi Kama Maziwa

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima na wauza mboga, Dagoretti Corner

 

Nimeitwa nizungumze juu ya friji. Ombi lilitoka kwenu wenyewe. Vikundi vya wakulima wa upande huu, kuanzia Riruta na Kawangware mpaka Waithaka, Mutuini na Ruthimitu, vinataka kununua kwa pamoja wale nyigu wadogo wanaoua wadudu waharibifu, na vinaomba kaunti iwasaidie kupata friji kubwa ya kuwaweka. Mpango ni kwamba mkulima akihitaji nyigu aje achukue kidogo kidogo, kama mtu anavyochukua maziwa dukani.

Mimi ni mtu wa habari, si mtaalamu wa wadudu. Kazi yangu ilikuwa kusoma na kuuliza wanaojua, kisha nije niwaambie kwa lugha ya nyumbani. Jibu nalitoa sasa hivi, ili aliye na haraka aende nalo. Friji itawanunulia siku chache. Haitawanunulia wiki. Na kila siku mnayoinunua, nyigu ndiye anayeilipia, kwa mwili wake.

Anayebaki, tuendelee.

Mkisikia nyigu msifikirie wale wanaojenga chini ya paa na kufukuza watoto uwanjani. Hawa tunaowazungumzia ni wadogo sana. Wapo ambao hawafiki hata milimita 1, ukiwaona juu ya karatasi utadhani ni nukta ya kalamu. Hawana habari na binadamu. Mwiba ambao nyigu wa paani huutumia kuchoma, hawa wanautumia kama sindano ya kutagia. Jike humtafuta kiwavi, au kidukari, au yai la nondo, akamdunga na kuacha yai ndani. Yai likianguliwa, buu la nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka akafa, na baada ya siku kadhaa anatoka nyigu mpya. Wataalamu huwaita parasitoidi. Wanawatofautisha na vimelea kama kupe, kwa sababu kupe hana haja ya kumuua ng'ombe anayemlisha, lakini huyu lazima amuue mwenyeji wake ndipo naye apate kuzaliwa.

Wengi wenu mmeshawaona bila kujua. Kesho asubuhi geuza jani la sukuma wiki lenye vidukari. Kati ya wale wa kijivu utamwona mmoja mmoja amevimba, rangi imekuwa ya kahawia kama punje ya mtama, na ukimgusa hasogei. Huyo si kidukari tena. Ni ganda tu, na ndani yake kuna nyigu anayekomaa. Ukiona ganda lina tundu la duara mgongoni, jua mwenye nyumba ameshatoka. Mkumbuke tundu hilo, tutalirudia tukifika kwenye kuhesabu.

Jambo hili si geni Nairobi. Mwaka 1923 wadudu weupe kama waliopakwa unga, wale wanaoitwa vidung'ata, walianza kuharibu kahawa upande wa Thika. Kwa miaka mingi walidhaniwa kuwa ni aina inayojulikana Asia, kwa hiyo maadui wao wakatafutwa Asia, na waliopatikana huko hawakusaidia kitu. Baadaye mtaalamu wa wadudu aliyeitwa R. H. Le Pelley akabaini kwamba hawa ni aina nyingine kabisa, na kwamba wako Uganda, ambako hawasumbui sana. Dawa iliyotafutwa ng'ambo ya bahari ilikuwa kwa jirani. Mwaka 1938 nyigu wakaletwa kutoka Uganda, wakazalishwa katika maabara za Scott, hapa hapa Kabete, na kuachiliwa katika mashamba ya kahawa. Vidung'ata wakapungua hadi wakaacha kuwa tishio kubwa. Maabara zile leo ziko chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kando ya barabara ya Waiyaki. Kutoka hapa ni mwendo wa matatu tu.

Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha icipe mwaka 1970, na ndicho kile cha Kasarani ambacho watu hukiita Duduville. Mwaka 1993 kituo hicho kiliachilia Pwani nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyetoka Pakistan, dhidi ya kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Mwaka 2002 kikaachilia mwingine aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, dhidi ya kiwavi wa nondo wa kabichi. Huyu alianzia milima ya Taita, kisha akaachiliwa upande wa Limuru.

Tafadhali tuliangalie vizuri neno "kuachiliwa", kwa sababu hapo ndipo mazungumzo ya friji yanapopotoka. Nyigu hao wote waliachiliwa mara chache, wakazaana, wakasambaa wenyewe, na wako mashambani mpaka leo bila kulipwa na mtu. Diadegma anapenda nyanda za juu zenye ubaridi. Kwa sehemu za joto zaidi icipe ililazimika kutafuta nyigu mwingine kutoka Afrika Kusini. Sasa jiulize wewe mwenye sukuma wiki au kabichi robo ekari pale Mutuini: shida yako ikiwa ni viwavi wa nondo wa kabichi, unanunua nini? Nyigu wake ulishapewa bure. Unachofanya labda ni kumuua kila Jumamosi kwa pampu. Dawa kali zinazoua kila kitu humwangamiza nyigu haraka kuliko kiwavi, kwa sababu kiwavi huyu ana sifa duniani kote ya kuzizoea dawa, na nyigu hana bahati hiyo. Wewe unapulizia tena na tena, kiwavi anarudi, na mama mboga anauza majani ambayo siku za kungoja baada ya dawa hazijaisha. Majani hayo yanaliwa Kawangware na Riruta jioni hiyo hiyo. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko suala zima la friji, na ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Basi nani anahitaji kununua nyigu? Hasa wenye nyanya, hoho na stroberi ndani ya nyumba za plastiki. Humo hali ya hewa si ya nje, nyigu wa porini hawaingii kwa urahisi, na nzi weupe au vidukari wakiingia huzaana kama moto wa nyasi. Nyigu wa nzi weupe, Encarsia formosa, ana historia ndefu. Mwaka 1926 huko Hertfordshire, Uingereza, mkulima wa bustani aliona kwamba baadhi ya magamba meupe ya nzi kwenye majani ya nyanya yamegeuka meusi. Kituo cha utafiti cha Cheshunt kikachunguza, kikakuta nyigu ndani, na miaka michache baadaye kilikuwa kikiwasambazia wakulima nyigu zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kisha ikaja DDT baada ya vita, watu wakaona nyigu ni usumbufu, wakaacha. Nzi weupe walipoizoea dawa, wakulima wakarudi kuuliza wale nyigu wako wapi. Leo nyigu huyo huuzwa nchi nyingi, na hapa Kenya kuna kampuni zinazozalisha wadudu marafiki kwa ajili ya mashamba ya maua na mboga za kuuza nje, za Naivasha na kwingineko.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Mzalishaji hawezi kuwaambia nyigu wasizaliwe wiki hii kwa sababu hakuna oda. Lazima awazalishe mfululizo, na oda huja zinapotaka. Wiki moja hakuna mtu, wiki inayofuata mashamba matatu yanapiga simu siku moja. Baridi ndiyo inayomsaidia kusawazisha.

Inafanyaje kazi? Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake unafuata joto la mahali alipo. Kukiwa na joto anakua haraka, kukipoa anakua polepole, na kuna kiwango ambacho chini yake hakui kabisa. Kwa nyigu wengi hawa kiwango hicho kiko karibu na nyuzi 10, wengine chini kidogo, wengine juu. Kwa hiyo ukimchukua nyigu aliye bado ndani ya ganda na kumweka mahali penye nyuzi 8 au 10, ni kama umesimamisha saa yake.

Lakini saa inasimama, tumbo halisimami. Humo ndani nyigu bado yuko hai, bado anapumua, na anaishi kwa mafuta aliyoyabeba tangu alipokuwa buu. Wengi wa nyigu hawa wana upungufu mmoja ambao ulinishangaza. Wakishakuwa wakubwa hawawezi kutengeneza mafuta mapya mwilini, hata uwape asali kiasi gani. Akiba waliyotoka nayo kwa mwenyeji wao ndiyo ya maisha yote. Kila siku ya friji inachota kutoka kwenye akiba hiyo hiyo ambayo angeitumia kuruka, kutafuta wadudu na kutaga.

Juu ya hayo, baridi yenyewe inajeruhi. Si lazima barafu igande mwilini. Nyuzi 3 au 4 zikikaa kwa muda mrefu zinaharibu mpangilio wa chumvi na maji ndani ya mwili wa mdudu, na misuli na neva haziwezi tena kufanya kazi sawasawa. Wengine hufa ndani ya ganda. Hao si tatizo kubwa, kwa sababu utaona hawatoki na utadai pesa zako. Tatizo ni wale wanaotoka wakiwa na mabawa yaliyokunjamana, au wanaotoka wazuri kwa macho lakini hawawezi kunusa njia ya kumfikia mdudu, au wanaotaga mayai machache kuliko kawaida, au wanaokufa siku ya pili badala ya kuishi wiki. Utawahesabu, utaridhika, utawaachilia, na baada ya wiki mbili utaniambia nyigu hawafanyi kazi.

Sasa sikilizeni hili la madume. Kwa nyigu wengi, yai lililorutubishwa huzaa jike, na yai ambalo halikurutubishwa huzaa dume. Jike asiyepata dume haachi kutaga. Anataga kama kawaida, lakini watoto wote ni wa kiume. Na dume hadungi kidukari wala kiwavi, hana sindano. Katika aina kadhaa zilizochunguzwa, baridi ya muda mrefu huwapunguzia madume mbegu au kuwafanya tasa. Basi unaweza kuwa na friji iliyojaa nyigu waliotoka vizuri, wakaachiliwa vizuri, wakataga vizuri, halafu kizazi kinachofuata kikawa madume watupu, wanaorukaruka juu ya vidukari bila kuwafanya lolote. Kwa nje huwezi kujua kilichoharibika.

Ndiyo maana maelekezo ya kawaida ya wauzaji, kwa nyigu wa vidukari na wa nzi weupe, ni nyuzi 8 hadi 10, gizani, kwa siku 1 au 2 tu baada ya kupokea. Friji ya nyumbani ikifanya kazi vizuri inakaa karibu nyuzi 4. Imetengenezwa kwa ajili ya maziwa na nyama, na huko inafaa. Nyigu anataka mahali palipo baridi kidogo tu, na anapataka kwa muda mfupi.

Nimeulizwa: mbona Ulaya wanawahifadhi miezi? Ni kweli. Wapo nyigu wa mayai ya nondo, Trichogramma, ambao viwanda vya huko huwazalisha wakati wa baridi na kuwaweka miezi kadhaa kwenye nyuzi karibu 3, kisha kuwapeleka mashamba ya mahindi kiangazi kikifika. Lakini hao wana usingizi wa kuzaliwa nao, kwa sababu wazazi wao wameishi maelfu ya miaka wakipita majira ya theluji. Mzalishaji huwatayarisha kwanza waingie usingizi ule, ndipo awaweke kwenye baridi. Nyigu wa nchi zetu, ambao hawajawahi kuona theluji, wengi hawana usingizi huo. Ukimweka kwenye nyuzi 3 halali. Anakufa taratibu.

Lipo jambo lingine ambalo nimelipenda. Watafiti wa Ubelgiji walichukua nyigu wa vidukari waliokuwa kwenye nyuzi 4 wakawatoa kila siku kwa saa 2 tu kwenye nyuzi 20, kisha wakawarudisha. Waliopona walikuwa wengi zaidi kuliko wale waliokaa kwenye baridi moja bila kutolewa. Inaonekana zile saa mbili mwili hupata nafasi ya kujirekebisha. Kijana mmoja nilipomweleza aliniambia basi stima ya mtaa wetu imetufaa, maana friji itakuwa inapumzika yenyewe kila jioni. Tulicheka, lakini hapana. Stima inayopotea haina saa mbili wala haina nyuzi 20. Inaweza kukosekana usiku mzima, nyigu wakaamka, wakatoka, na asubuhi ukafungua boksi la nyigu wenye njaa waliozeeka kabla ya kuona shamba.

Sasa tuangalie mahali tulipo. Dagoretti Corner ina bahati ambayo mitaa mingine haina. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako hapa hapa kwenye Ngong Road, na vipimo vya joto vinavyotangazwa kwa jina la Dagoretti ni vya mtaa wenu, si vya uwanja wa ndege. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai usiku wetu hushuka hadi karibu nyuzi 11, na mchana kukiwa na mawingu joto halipandi sana. Hebu fikirieni. Chumba cha ukuta mnene, upande usiopigwa na jua, sakafu ya simiti, Julai, ni stoo ya nyigu ambayo hakuna mtu wa kuiletea bili. Haitakaa kwenye nyuzi 8 mchana kutwa, lakini kwa usiku mmoja wa kungoja kesho inatosha.

Ubaridi huo huo una upande wa pili. Kadi za nyigu zikitundikwa Julai, nyigu huchelewa kutoka. Mkulima anangoja siku 3, siku 5, haoni kitu, anasema ametapeliwa, anachukua pampu. Nyigu hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanangoja joto. Na Februari na Machi mambo ni kinyume. Chini ya mabati mchana kuna joto la kuua, na boksi likisahauliwa humo kutoka saa nne mpaka saa tisa kazi imekwisha. Ukiniuliza wapi nyigu wengi wanapotea kati ya mzalishaji na jani, sitasema kwenye friji. Nitasema ni kwenye buti ya matatu, kwenye bodaboda inayopiga stori na wenzake juani, na kwenye dirisha la duka la agroveti ambalo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja.

Kwa hiyo safari ndiyo ya kupangwa. Boksi lisafirishwe asubuhi na mapema, kabla msongamano wa Naivasha Road haujaamka. Likae kwenye kisanduku cha baridi kama kile cha chanjo, lakini mtungi wa barafu ufungwe kwa gazeti au taulo ili usiguse kadi, kwa sababu nyigu anayelala juu ya barafu ni kama aliyewekwa kwenye friza. Umande pia ni adui. Maji yakijikusanya ndani ya boksi, kadi huota ukungu. Anayepokea awe mtu mmoja anayejulikana, mwenye simu iliyowashwa, na wanachama wawe wameambiwa tangu jana yake kwamba leo jioni ndiyo siku. Waachilie jioni, jua likianza kulegea, chini ya majani, si juu ya plastiki.

Na kabla ya kuachilia, hesabuni. Hili halihitaji shahada. Chukua kadi moja au kipande chenye maganda kama 100, yahesabu kwa kioo cha kukuzia, kisha weka kwenye chupa ya kioo kama ile ya jemu. Funika kwa kitambaa chepesi, weka pamba yenye tone la maji ya asali, na uiache kivulini ndani ya nyumba. Kila jioni angalia. Wakishaacha kutoka, hesabu maganda yenye lile tundu la duara. Kama ni 80 kati ya 100, umepata mali. Kama ni 30, piga simu kwa aliyekuuzia ukiwa na hesabu mkononi. Fungua pia chupa mbele ya dirisha utazame wanaondokaje. Nyigu mzima huruka kuelekea mwangani. Wengi wakitembea tu kwenye ukuta wa chupa na kuanguka, walikaa kwenye baridi kupita kiasi, hata kama wote wametoka kwenye maganda. Andikeni tarehe. Kikundi kikiwa na daftari la hesabu za miezi 6 kitajua mzalishaji wake kuliko afisa yeyote anavyomjua.

Mambo mawili ya sheria, kwa ufupi. Wadudu marafiki wanaouzwa kwa biashara nchini lazima wawe wamesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, kwa hiyo boksi liwe na namba ya usajili, tarehe ya kuzalishwa na maelekezo ya joto. Na mtu asikudanganye kwamba ana ndugu ng'ambo atakayemletea nyigu kwenye sanduku la nguo. Kuingiza mdudu hai kunapitia KEPHIS na kamati ya wataalamu, kwa sababu mgeni akikosea mwenyeji hakuna wa kumrudisha. Kilimo chenu chenyewe ni halali. Sheria ya kaunti ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini ilipitishwa mwaka 2015, na mnaweza kumwomba afisa wa kilimo nyanjani afike na kuangalia. Mwiteni.

Narudi kwa ombi lenu. Mimi ningekuwa mwanachama wa kikundi, nisingepigia kura friji. Ningepigia kura kisanduku kimoja kizuri cha baridi, kioo cha kukuzia, na kile kipimajoto kinachoshika kiwango cha juu na cha chini cha usiku na mchana, kikatundikwa ndani ya chumba mtakachochagua kwa wiki mbili kabla ya oda ya kwanza. Halafu ningepigania oda ndogo za kila wiki au kila wiki mbili badala ya boksi moja kubwa la msimu. Najua boksi kubwa linaonekana rahisi kwa bei ya kila kadi. Lakini nusu yake ikishalala friji siku 10, mmenunua makopo matupu. Isitoshe, vidukari hawaji siku moja wote. Nyigu wachache wanaofika kila wiki huwakuta wadudu wakiwa bado wachache, na hapo ndipo wana nguvu. Na dawa lazima mkubaliane. Mwenye plastiki ya jirani akipulizia dawa kali jana, nyigu wenu wa leo wanatua kwenye sumu. Muulizeni muuzaji, kwa kila dawa mnayotumia, nyigu wanangojwa siku ngapi.

Swali la mwisho nililoletewa kwa karatasi linasema: tukishaachilia, kadi tutupe lini? Msiharakishe. Iacheni imetundikwa wiki moja, na Julai ziwe mbili, kwa sababu wapo wanaochelewa. Na wale mnaopunguza majani ya chini ya nyanya, kabla hamjayapelekea mbuzi yageuzeni kwanza. Mkiona magamba meusi badala ya meupe, hao ni nyigu wenu wanaokaribia kutoka. Yaacheni majani hayo ndani ya nyumba ya plastiki, chini ya mistari ya miche, kwa siku kadhaa, kisha mbuzi apewe.